Hasira Haimtui Punda Mzigo

Video ya mnyama anayepigwa haihitaji maelezo marefu. Mtu ana fimbo, mnyama amefungwa, na aliyeshika simu anacheka. Ndani ya saa chache imeshazunguka kwenye makundi yote, na kila anayeipokea anaongeza laana yake kisha anaisukuma mbele. Wapo wanaotaka mtu yule naye afungwe apigwe vilevile. Wapo wanaotaja jina la wanayedhani ndiye, na mara nyingi siye. Kufikia jioni watu maelfu wamekasirika, na mnyama yuko palepale alipokuwa, kamba shingoni.

Sidharau hasira hiyo. Mtu anayeitazama picha kama ile asitikisike nitamwogopa kidogo. Ila nimekaa karibu na kazi hii ya kutetea wanyama muda wa kutosha, nikifuatilia malalamiko, nikiongozana na madaktari wa mifugo na kusubiri kwenye mabenchi ya ofisi, kujua kwamba wanaofanikiwa kumwondolea mnyama mateso ni nadra kuwa wale wenye sauti kubwa. Wengi wao wana subira ya karani. Wanaandika tarehe. Wanapiga simu tena Jumatatu. Wanajua ni nani hasa mwenye uwezo wa kusema “acha” na kusikilizwa, na wanamwendea huyo wakiwa na ombi moja linalotekelezeka.

Historia ya jambo hili inawapa haki. Mwaka 1822 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo, miongoni mwa sheria za kwanza kabisa za aina yake kutoka bungeni. Aliyeibeba ni Richard Martin, mbunge wa Galway kule Ireland, mtu aliyejulikana kwa kupigana na wenzake kwa bastola kabla hajajulikana kwa huruma. Waliotangulia walikuwa wameshindwa. Miswada ya kupiga marufuku mchezo wa kuwachokoza mafahali kwa mbwa ilianguka mwaka 1800 na 1802, na mswada mpana zaidi wa Lord Erskine ukaanguka 1809. Martin akaja na kitu chembamba. Sheria yake iliwagusa farasi, punda, nyumbu, ng'ombe na kondoo. Mbwa hawakuwemo. Paka hawakuwemo. Hata fahali, mahakama zilipoulizwa, zikasema hayumo. Adhabu ilikuwa faini ya kati ya shilingi 10 na pauni 5, na asiyelipa alikwenda jela.

Kisha Martin mwenyewe akaenda mahakamani kuitumia. Mmoja wa washtakiwa wa mwanzo alikuwa mchuuzi aitwaye Bill Burns, aliyempiga punda wake. Simulizi inasema kesi ilikuwa inaelekea kuchekwa tu, hadi Martin alipoomba punda mwenyewe aletwe mbele ya hakimu ili majeraha yaonekane. Burns akatozwa faini. Magazeti yalichora vikaragosi, watu wakaimba nyimbo za kejeli, lakini tangu siku hiyo kukawa na mtu aliyeadhibiwa kwa kumpiga punda, na kila mwenye punda akajua.

Ninachokipenda hapo ni ule wembamba. Leo mtu angemshambulia Martin kwamba amewasaliti mbwa na paka. Angeambiwa sheria yake ni nusu mkate, kwamba angengoja mpaka bunge likubali kuwalinda viumbe wote. Angengoja sana. Mwaka 1835 sheria mpya ikapanua ulinzi, ikawaingiza mbwa na mafahali na kupiga marufuku ule mchezo uliowashinda watangulizi wake. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kidogo, na ni rahisi kusukuma mlango wa namna hiyo.

Lakini sheria ikikosa wa kuilinda ni karatasi. Mwaka 1824 watu wachache walikutana kwenye mkahawa mmoja London wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kile ambacho baadaye kilipata heshima ya kifalme na kujulikana kama RSPCA. Aliyewaita ni kasisi Arthur Broome. Alikuwa ameshalipa watu kutoka mfukoni mwake wakae kwenye soko la mifugo la Smithfield wakitazama, wakiandika na kushtaki. Fedha zikaisha, madeni ya chama yakamwangukia, na kasisi akafungwa jela ya wadaiwa. Aliyesaidia kukiokoa chama ni Lewis Gompertz, Myahudi na mvumbuzi, mtu aliyekataa hata kupanda gari la farasi. Miaka michache baadaye wenzake wakaamua chama kiwe cha misingi ya Kikristo, naye akalazimika kuondoka. Chama cha huruma kikamfukuza mtendaji wake bora. Nalisema hili kwa sababu kila anayeingia kwenye kazi hii hugundua mapema kwamba wapenzi wa wanyama hawapendani kiasi hicho.

Katika mkutano huohuo wa mkahawani walikuwemo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, wale wale waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa utumwa. Kwa hiyo nikiulizwa, na huulizwa kila mara, “Watu wanateseka, wewe unahangaika na mbwa?”, huwa sibishani sana. Mwaka 1874 huko New York, mwanamke mmoja, Etta Wheeler, alikuwa akihangaika kumnusuru mtoto aitwaye Mary Ellen aliyekuwa akipigwa na mlezi wake. Aligonga milango mingi. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Henry Bergh, aliyeanzisha chama cha kutetea wanyama cha Marekani mwaka 1866. Mwanasheria wa Bergh alimpeleka mtoto mbele ya jaji, mlezi akafungwa, na kutokana na kesi ile kikazaliwa chama cha kuzuia ukatili kwa watoto. Waliojifunza kutazama jeraha la punda hawakushindwa kutazama jeraha la mtoto.

Turudi kwa yule mwenye fimbo. Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani ukatili wote ni wa aina moja. Kuna anayemuumiza mnyama kwa sababu anafurahia. Kuna anayemuumiza kwa sababu hajui au hana. Na kuna anayemuumiza kwa sababu ndivyo biashara yake ilivyopangwa, na yeye binafsi huenda hajawahi kumgusa mnyama hata mmoja. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Ukimpeleka wa pili mahakamani kama wa kwanza, unamfilisi mtu maskini na mnyama wake anauzwa kwa mtu mwingine maskini zaidi. Ukimpa wa kwanza semina, anakusikiliza, anakunywa chai yako, anarudi nyumbani kufanya yaleyale.

Wa pili ndio wengi. Msemo wa “punda afe, mzigo ufike” haukutungwa na mtu anayechukia punda. Ulitungwa na mtu mwenye mzigo. Nakumbuka nilivyomsindikiza daktari wa mifugo kwa mzee mmoja ambaye majirani walikuwa wamemlalamikia. Punda wake alikuwa na kidonda kifuani, kibichi, nzi wamejaa. Nilitegemea mahubiri. Daktari akaanza hivi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, daktari.”

“Huyu umekuwa naye muda gani?”

“Tangu yuko tumboni mwa mama yake.”

“Basi mnajuana. Siku hizi akifika kwenye kilima hasiti?”

“Anasita mno. Nikadhani ameingiwa na uvivu.”

“Si uvivu, mzee wangu. Njoo uone huu mkanda.”

Mkanda ulikuwa kamba ya nailoni, nyembamba kama kidole, imekaa kwenye ncha yenyewe ya mfupa wa bega. Kila hatua kamba ilikuwa ikisaga palepale. Daktari alieleza kwamba mkanda wa kifua unatakiwa uwe mpana, wa kitambaa au kitu laini kinachonyonya jasho, upite juu zaidi ya ile ncha ya bega lakini chini ya koo, ili mnyama asukume bila kukabwa. Akamwonyesha mzee jinsi mzigo kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili unavyopaswa kulala juu ya ekseli, kwa maana ukielemea mbele punda anaubeba kwa mgongo na ukielemea nyuma mikanda inamvuta juu. Wakashona pedi kutoka kwenye blanketi kuukuu. Punda akapumzishwa mpaka kidonda kikakauka, na mzee, aliyekuwa akilalamika kupoteza siku za kazi, alikuja kusema kilima sasa kinapandwa bila fimbo.

Njiani daktari aliniambia, “Ningemwita mkatili, angenipa mgongo, na punda angebaki na kidonda chake.”

Kuna mtu aliyelielewa hili vizuri karne iliyopita. Dorothy Brooke alifika Cairo mwaka 1930, mke wa ofisa wa jeshi la Uingereza, akawaona mitaani farasi waliokonda mno wakivuta mizigo. Wengi walikuwa farasi wa jeshi la nchi yake, waliouzwa huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1931 aliandika barua kwenye gazeti la Morning Post, na wasomaji wakatuma fedha. Kwa miaka mitatu alinunua farasi wapatao 5,000. Alinunua. Hakuwanyang'anya wenye nao, wala hakuwaita washenzi, maana aliona kwamba watu hao hawakuwa na kitu kingine cha kuwalisha watoto wao. Wengi wa farasi hao walikuwa wazee na wagonjwa kupita kiasi, hivyo aliwapumzisha kwa siku chache, wakala, wakalala kwenye majani, kisha wakauawa bila maumivu. Wapo wanaoshindwa kuvumilia sehemu hiyo ya habari. Mimi naona ndiyo inayoonyesha kwamba alikuwa akiwafikiria farasi na si moyo wake mwenyewe. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure kwa ajili ya farasi na punda wa maskini wa mji, kwa sababu alijua kununua wote hakuwezekani na kesho yake wangekuwepo wengine. Shirika lenye jina lake bado linafanya kazi hiyo katika nchi nyingi.

Sasa yule wa kwanza, anayefurahia. Huyu ni wa polisi na mahakama, na hapa ndipo subira ya karani inapohitajika zaidi. Kesi nyingi za ukatili kwa wanyama hufa kwa sababu shahidi mkuu hawezi kusema, na binadamu waliokuwepo waliandika hisia badala ya walichokiona. Ukiandika “mbwa anateswa vibaya sana”, ofisa hana cha kufanya na sentensi hiyo. Andika kwamba amefungwa kwa mnyororo wenye urefu wa hatua moja, hakuna chombo cha maji wala kivuli, mbavu zinahesabika, mguu wa nyuma wa kushoto una kidonda chenye funza, na kwamba umemwona hivyo tarehe hii na ile. Kipimo kizuri ni zile haki tano ambazo baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza lilizipanga mwaka 1979: kutokuwa na njaa na kiu, kutokaa katika mazingira ya taabu, kutoumia wala kuugua bila tiba, kuweza kuishi kwa tabia zake za asili, na kutoishi kwa hofu. Pitia moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja andika ulichokiona kwa macho.

Picha na video zibaki kama zilivyotoka kwenye kamera. Usikate, usiweke muziki, usiandike maneno juu yake. Faili la awali lina taarifa za saa na siku, na ukilipitisha kwenye programu za kutumiana ujumbe mara nyingi taarifa hizo hupotea. Hifadhi nakala mahali pengine. Tafuta mtu wa pili aliyeona. Mnyama akiwa ameshakufa, mzoga usizikwe kwa haraka ya huruma: daktari wa mifugo akiufanyia uchunguzi anaweza kusema kifo kilitokana na nini, na mpaka afike ni bora uwekwe kwenye ubaridi kuliko kugandishwa, kwani barafu huharibu tishu. Ukishatoa taarifa, omba namba ya jalada na jina la aliyeipokea. Soma kifungu cha sheria ya nchi yako mwenyewe, ukitaje kwenye malalamiko yako. Ofisa ambaye hajawahi kushughulikia kesi ya aina hii, na ni wengi, atakushukuru kimoyomoyo.

Na usiende peke yako kumkabili. Anayemchoma paka kwa makusudi hana sababu ya kukuheshimu wewe. Wachunguzi wa uhalifu wanalijua hilo: tangu mwaka 2016 FBI ya Marekani hukusanya takwimu za ukatili kwa wanyama kama kosa linalosimama peke yake, baada ya miaka ya kuona jinsi linavyoambatana na vipigo vya majumbani na makosa mengine. Mume anayempiga mbwa wa familia mara nyingi anatuma ujumbe kwa mke. Wapo wanawake wanaobaki kwenye nyumba za hatari kwa sababu hawana pa kumpeleka mnyama wao na wanajua atakachofanyiwa wakiondoka. Vivyo hivyo mtoto anayewatesa wanyama: kabla ya kumchapa, mtu mzima mwenye busara angeuliza huyu mtoto naye anafanyiwa nini, na nani.

Kuhusu mitandao nina neno moja kali. Kuna video za “uokoaji” zinazotengenezwa. Mtoto wa paka anawekwa mbele ya chatu, kamera tayari imetulia kwenye pembe nzuri, kisha anatokea shujaa na kumnusuru. Baada ya wiki shujaa yuleyule, chatu yuleyule, mnyama mwingine. Muungano wa mashirika ya wanyama ya Asia umekuwa ukizifuatilia video hizi na kuzitolea ripoti, na biashara yake inategemea watazamaji wenye huruma. Maoni yako ya hasira, mashine inayahesabu sawasawa na ya furaha. Kwa hiyo usiandike chochote chini yake, usiisambaze hata kwa nia ya kuonya. Iripoti kwa jukwaa lenyewe, nakili anwani yake, na ukiona ni uhalifu unaoendelea, ipeleke kwa polisi au kwa shirika linaloshughulika. Wengi hawapendi ushauri huu maana haumpi mtu nafasi ya kuonekana ametetea.

Niliyoyasema hadi sasa yanahusu mnyama mmoja mmoja. Mateso makubwa zaidi huamuliwa mezani, na mezani huruma peke yake haifiki mbali. Mfano ninaoutumia kila ninapopata nafasi ni wa mbwa wa mitaani. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote wameumwa na mbwa. Mlipuko ukitokea, viongozi wanataka waonekane wamefanya kitu, na kitu chenyewe huwa ni sumu au risasi. Mbwa wanakufa kwa mtukutiko mbele ya watoto wanaokwenda shule. Ukisimama kwenye kikao ukaanza kulia juu ya mbwa, mwenye kiti atakuuliza kama umeshaona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, na hapo mjadala umekwisha.

Njia inayofanya kazi ni kuingia kupitia hofu yake. Mwambie kwamba kuua hakuzuii ugonjwa huo, na mpe ushahidi. Flores, Indonesia, mbwa waliuawa kwa wingi baada ya ugonjwa kuingia mwishoni mwa miaka ya 1990, na ugonjwa ukabaki. Kwenye kisiwa cha Bali, nchini humohumo, walianza vivyo hivyo baada ya 2008, na maambukizi yakaanza kushuka walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima. Sababu zake zinaeleweka bila digrii. Sumu haibagui, inawaua na mbwa waliokwisha chanjwa, yaani ule ukuta wenyewe. Watu huficha mbwa wao au kuwahamishia kwingine, pengine wakiwa na ugonjwa. Nafasi iliyoachwa hujazwa upesi na watoto wapya wasio na kinga. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa na kurudia, virusi vinakosa pa kupita. Pemba ilifanya hivyo, ugonjwa ukakoma. Ukaja tena kutoka nje, wakachanja tena, ukakoma tena. Mwenye kiti ambaye hajali mbwa hata kidogo anaweza kuisaini hoja hiyo, na mbwa hawatauliza kama aliisaini kwa mapenzi.

Henry Spira aliujua mchezo huu kuliko mtu yeyote niliyewahi kusoma habari zake. Alizaliwa Antwerp mwaka 1927, akawa baharia, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, kisha mwalimu wa shule New York. Aliingia kwenye suala la wanyama akiwa mtu mzima, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kukataa kupigana na kila kitu. Mwaka 1976 alichagua lengo moja: majaribio kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Marekani, ambako paka walikuwa wakikatwa sehemu za ubongo na kuharibiwa viungo vya hisia ili kuchunguza tabia zao za kujamiiana. Aliomba nyaraka kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, akazisoma zote. Akaomba kuzungumza na jumba, wakampuuza. Ndipo yeye na wenzake wakaanza kusimama nje kila wikiendi na mabango, wakiwauliza wageni kama wanajua kodi zao zinalipia nini. Mbunge Ed Koch akaenda kujionea maabara. Mwaka 1977 majaribio yakakoma.

Kisha akamgeukia mmoja wa wale wa aina ya tatu, kampuni ya vipodozi ya Revlon. Wakati huo kemikali zilipimwa kwa kudondoshewa machoni mwa sungura, njia iliyobuniwa mwaka 1944 na mtaalamu wa serikali aitwaye John Draize. Spira alizungumza na kampuni kwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kufanya kelele yoyote. Na ombi lake lilikuwa la kushangaza kwa udogo: hakutaka wafunge maabara kesho, alitaka watoe sehemu ndogo sana ya mapato yao kugharamia utafiti wa njia mbadala. Walipozidi kuzungusha maneno, mwezi Aprili 1980 likatoka tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times likiuliza Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kwa utafiti huo. Spira hakuendelea kuwatukana. Aliwasifu hadharani na kuwaendea washindani wao akiuliza, na nyinyi je? Utafiti ukakua, njia mpya zikapatikana, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulifunga kabisa soko lake kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Spira hakuuona mwaka huo. Alifariki 1998.

Wapo waliomwita msaliti kwa kukaa meza moja na makampuni. Ninaielewa hoja yao, siikubali. Adui uliyemwachia njia moja ya kutokea ana sababu ya kuitumia. Uliyemzibia zote atapigana mpaka mwisho, na ana mawakili wengi kuliko wewe.

Hata mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana Addis Ababa kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, hoja iliyokuwa na uzito haikuwa huruma tupu. Ngozi hizo huchemshwa kutoa jelatini inayotumika kwenye dawa za asili za China, na mahitaji yalikuwa makubwa kiasi cha punda kuibwa usiku. Wanawake wanaochotea maji na kubebea mazao kwa punda waliamka wakakuta mzigo umerudi vichwani mwao. Watetezi wa punda waliwasikiliza wenye punda, wakaleta hesabu za mifugo iliyokuwa ikipungua, na sauti zote zikaingia ukumbini pamoja. Kazi ya kusimamia makubaliano hayo kwenye mipaka na machinjioni bado ipo, na ni kazi ya wale wenye kuandika tarehe.

Kuna hatari moja ambayo watu wetu hawapendi niitaje. Mtu mwenye moyo mkubwa anaokota mbwa mmoja, wawili, watano. Hawezi kusema hapana. Chakula kinapungua, banda linanuka, wagonjwa wanawaambukiza wazima, na siku moja wanakuja wakaguzi kwake. Nimeona nyumba ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa akilia na kuapa kwamba anawapenda, na alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana sasa nikiombwa ushauri na mtu anayetaka kuanzisha makazi ya wanyama, huwa sianzi na habari za moyo. Nauliza: nafasi ngapi, na zikijaa utamwambia nini atakayekuja na boksi mlangoni?

Swali hilohilo la nafasi ndilo linaloua kesi nyingi kuliko uvivu wa polisi. Ofisa anafika, anaona, anakubali kwamba mnyama anateswa na kwamba sheria inamruhusu kumchukua. Kisha anauliza ampeleke wapi. Kituo hakina banda. Mnyama ni kielelezo cha kesi, anatakiwa alishwe, atibiwe na atunzwe mpaka hukumu, na kesi inaweza kuahirishwa miezi. Hakuna anayejibu, ofisa anatoa onyo la mdomo, na gari linaondoka bila mnyama. Kwenye kikundi chetu kuna mtu ambaye hajawahi kuandika neno lolote mtandaoni kuhusu wanyama. Ana uzio, ana maji, ana banda lenye sehemu mbili zilizotengwa, na ana daktari anayekuja akiitwa. Taarifa ikiingia, yeye ndiye tunayempigia kwanza, kabla ya polisi, kuuliza kama leo kuna nafasi.